Nani Amekutuma? Wataalamu wa siasa na kazi ya kupima kuaminiana kwetu

Barabara ya kutoka Tabora mjini kwenda Kipalapala si ndefu, lakini inaunganisha pande mbili ambazo kwa zaidi ya karne moja zimekuwa zikitazamana. Nyuma yake umebaki mji wa misafara, wenye miembe na misikiti. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kufanya makao yao Unyanyembe kabla Richard Burton na John Speke hawajafika huko mwaka 1857. Mbele yake ipo Seminari Kuu ya Wakatoliki ya Mtakatifu Paulo, na hapo Kipalapala ndipo TMP walipokuwa na mitambo ya kuchapa vitabu na magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa nchi nzima. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la Mapadri Weupe, waliingia Unyanyembe mwaka 1881. Tangu hapo watoto wa pande hizo mbili wamenunua chumvi katika soko moja na kuzikana katika ardhi moja.

Swali la makala yetu ya leo ni hili: je, watu hawa wanaaminiana? Na wakisema wanaaminiana, au wakisema wanaiamini serikali yao, tutajuaje kwamba kauli hiyo imetoka moyoni? Wapo watu ambao maisha yao yote ya kazi yamejengwa juu ya swali hilo. Nao ni wataalamu wa sayansi ya siasa, ambao wengi wetu huwaona katika televisheni wakati wa uchaguzi tu, na mara nyingi hatufahamu walichokuwa wakikifanya katika miaka minne iliyotangulia.

Tabora yenyewe inafaa kuwa mahali pa kuanzia, maana bila kuaminiana mji huu usingekuwapo. Mwenye msafara hakuwa na fedha taslimu za kununulia mali yote aliyopeleka bara. Alichukua nguo, shanga na nyaya kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja kwa mkopo, deni likaandikwa, naye akatoweka kwa miaka. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliondoka Unguja mnamo mwaka 1870 akiwa na mali aliyokopeshwa na Taria Topan, na hakurudi hadi mwaka 1882. Miaka kumi na miwili mwenye mali alisubiri! Baba yake Tippu Tip alikuwa ameweka makao Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na ndoa ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya dhamana, kwa sababu mgeni aliyeoa kwa mtemi hawezi kuhama usiku. Hatusemi haya kuipamba biashara ile. Ilibeba pembe na ilibeba watu. Na kuaminiana kwake kulikuwa na mipaka, kama ilivyodhihirika mwaka 1871, pale Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na deni wala dhamana iliyofua dafu mbele ya ugomvi ule.

Mtaalamu wa siasa wa zama zetu anafuatilia jambo hilohilo kwa zana nyingine. Anataka kujua ni nani anamwamini nani, kwa kiasi gani, na ni lini jamii inaacha kuwa ya watu wenye maoni mbalimbali ikawa kambi mbili ambazo kila moja haisikii tena isipokuwa ya kwake.

Nchini kwetu kazi hiyo ilipata msukumo mkubwa kutokana na jambo ambalo hadi leo wasomi wanalijadili. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi: tuendelee na chama kimoja au tuingie katika vyama vingi? Tume ilisikiliza zaidi ya watu 36,000. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban asilimia 20 wakataka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Miongoni mwa waliosimama mbele kudai mabadiliko hayo alikuwa mwana wa Tabora, Chifu Abdallah Fundikira, wa ukoo uleule wa mtemi tuliyemtaja, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria baada ya uhuru na ambaye baadaye aliongoza chama cha UMD.

Sasa mtazame msomi anavyokuna kichwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, wapiga kura karibu wanne katika kila kumi waliwapa kura za urais wagombea wasiokuwa wa CCM. Je, watu walikuwa wamebadilika mioyo katika miaka minne? Au wengine kati ya wale asilimia 80 walikuwa wamejibu kile walichodhani tume iliyoundwa na Rais ingependa kukisikia? Huenda yote mawili yana ukweli ndani yake, Wallahu aalam. Kwa yakini, swali lililoulizwa na mkono wa dola mbele ya kadamnasi hupata jibu lake, na swali lilelile likiulizwa barazani baada ya swala ya Isha hupata jibu jingine.

Mwaka huohuo wa 1992, katika Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianzishwa mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia uliojulikana kwa jina la REDET. Humo walifanya kazi wasomi kama Samuel Mushi na Rwekaza Mukandala. Katika idara hiyo walikuwamo pia Max Mmuya na Amon Chaligha, ambao mwaka 1992 walitoa kitabu juu ya kuelekea vyama vingi, kisha wakafuatilia uchaguzi mdogo wa Kwahani, Zanzibar, na kuuandikia kitabu kingine mwaka 1993. Tungependa kusimama kidogo kwa Profesa Chaligha, kwa sababu mkondo wa kazi yake unaonyesha vizuri jinsi fani hii inavyomvuta mtu.

Mwaka 2001 mradi wa Afrobarometer, ulioanzishwa mwaka 1999 na Michael Bratton, Robert Mattes na Emmanuel Gyimah-Boadi, ulifanya utafiti wake wa kwanza Tanzania. Mwaka uliofuata Chaligha, pamoja na Mattes, Bratton na mwenzao Yul Derek Davids, walitoa ripoti ambayo jina lake ni swali: Watanzania ni raia wasiohoji, au ni wadhamini wenye subira? Majibu yalikuwa yamewashangaza. Hali ya maisha ilikuwa ngumu na watu waliisema kuwa ngumu, ilhali imani yao kwa Rais na kwa vyombo vya dola ilikuwa juu kuliko katika nchi nyingi za Afrika zilizopimwa. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba mwaka huo ulianza kwa mauaji ya Januari 26 na 27 huko Zanzibar, na miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya Mwembechai ya Februari 1998. Waislamu wengi wa wakati ule, lau wangeulizwa na mtu wanayemjua, tunadhani wangekuwa na mengi ya kusema.

Lipo jambo la pili, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Katika utafiti mwingine wa kimataifa uliofanyika nchini mwaka 2001, Watanzania waliulizwa kama watu wengi wanaweza kuaminiwa au ni lazima mtu ajihadhari. Waliosema kwamba watu wengi wanaaminika hawakufika mmoja katika kila kumi. Yaani tuliamini serikali tusiyoiona, na jirani tunayemwona tukajihadhari naye. Wengine wamelieleza jambo hili kwa historia ya ujamaa na nguvu ya taifa, wengine kwa kutohoji, wengine kwa woga tu. Sisi tunaongeza la lugha. Neno imani katika Kiswahili limebeba mzigo wa dini, na neno amana limebeba mzigo wa mali ya watu. Mtu akiulizwa kama ana imani na kiongozi, anaweza kujibu kama anayeulizwa juu ya adabu yake, si juu ya hesabu za halmashauri.

Baadaye Profesa Chaligha alikuwa mjumbe wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Hebu fikiri: mtu aliyetumia miaka akipima kama wananchi wanaviamini vyombo vya dola, anakaa ndani ya chombo ambacho kila baada ya miaka mitano ndicho kinachotiliwa shaka kuliko vyote. Hatuna haja ya kumhukumu kwa hilo. Wasomi wa nchi maskini huitwa serikalini kwa sababu ni wachache, na wakikataa watu husema wanajua kulaumu tu.

Tueleze kidogo namna upimaji wenyewe unavyofanyika, maana wengi hudhani ni kusimama stendi na kuuliza wapitao. Katika tafiti za Afrobarometer za miaka ya baadaye, watu wazima wapatao 2,400 huhojiwa Tanzania nzima. Kwanza huchaguliwa kwa bahati nasibu maeneo madogo ya kuhesabia watu, yaliyotengwa wakati wa sensa. Mhoji akifika, haendi nyumba anayoipenda wala ile aliyoonyeshwa na mwenyekiti wa kijiji. Hufuata hesabu ya nyumba aliyopewa, kisha ndani ya nyumba humchagua mhojiwa kwa bahati nasibu, akipokezana mwanamume na mwanamke. Hapo ndipo inapotokea kwamba mama wa Sikonge ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake na yeyote anaketi kwenye mkeka na kujibu kwa muda wa saa nzima, na baba mwenye nyumba inambidi avumilie. Majibu juu ya kuamini hupangwa kwa daraja: siamini kabisa, naamini kidogo, kwa kiasi, sana.

Mwishoni mwa dodoso lipo swali ambalo tunaona ni la busara kuliko yote. Mhojiwa huulizwa: unadhani ni nani aliyetutuma? Mhoji amekwisha kujitambulisha mwanzoni kwamba hatumwi na serikali wala chama. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika wengi hujibu kwamba ni serikali. Msomi mmoja wa Sweden, Marcus Tannenberg, alilitumia swali hilo mwaka 2017 na kuonyesha kwamba katika nchi ambazo utawala unabana, wale wanaodhani wametumiwa mtu na serikali husema kwamba wanaiamini serikali zaidi ya wale wasiodhani hivyo. Bibi yeyote wa Kinyamwezi angeweza kumwambia hayo bila hesabu, lakini hesabu ina faida yake, kwani sasa msomi anaweza kukadiria ni sehemu gani ya imani iliyotangazwa ni hofu iliyovaa kanzu.

Kuhusu kugawanyika kambi mbili, mfano wetu mkubwa uko Zanzibar, na mtaalamu wake ni Dakta Mohammed Bakari. Mwaka 2001 alichapisha huko Hamburg, Ujerumani, kitabu juu ya safari ya demokrasia Zanzibar, safari aliyoiita iliyodumaa. Wazanzibari wote karibu ni Waislamu, wanasema lugha moja na wameoana. Pamoja na hayo, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 watu walifika kususiana maduka na mazishi kwa ajili ya CCM na CUF. Tunalisisitiza hili kwa sababu hudhaniwa kwamba dini moja inatosha kuwaunganisha watu. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kupeana mikono, na Julai 31, 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Bakari na mwenzake Alexander Makulilo waliandika juu ya kura hiyo mwaka 2012, wakaiita ya kimya, na wakauliza kama kweli mfarakano ulikuwa umevukwa. Swali lao lilijibiwa miaka mitatu baadaye, pale uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, ukarudiwa Machi 2016 na CUF wakaususia. Msomi hafurahii utabiri wa namna hiyo ukitimia.

Bara mstari wa mgawanyiko unaohofiwa zaidi ni wa dini, na hapa ndipo Kipalapala na Tabora mjini zinaporudi katika maelezo yetu. Tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijauliza tena dini ya mtu. Nia ilikuwa kuepusha mashindano, lakini matokeo yake ni kwamba kila upande una idadi yake, na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliigomea sensa kwa sababu hiyohiyo. Katika hali hiyo anayeandika juu ya dini na dola hutazamwa kwanza jina lake. Padri John Sivalon, Mmarekani wa shirika la Maryknoll aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1992 kitabu cha Kiswahili juu ya Kanisa Katoliki na siasa ya Tanzania Bara tangu 1953 hadi 1985. Waislamu wamekinukuu kitabu hicho kuliko vitabu vingi vya Waislamu wenzao, kwa kuwa ushahidi wa mtu juu ya nyumba yake mwenyewe ni vigumu kuukataa. Dakta Hamza Njozi alipoandika mwaka 2000 juu ya mauaji ya Mwembechai, kitabu chake kilipigwa marufuku. Mwaka 2006 REDET walijaribu njia nyingine: kitabu kikubwa juu ya haki, ibada na siasa nchini, kilichohaririwa na Mukandala, Saida Yahya-Othman, Mushi na Laurean Ndumbaro, ili msomaji wa upande wowote akute jina analoweza kulianzia. Kitabu hicho ni cha Kiingereza, bahati mbaya, na waliokuwa na haja nacho zaidi hawakukisoma.

Lakini kipimo cha kuaminiana kati ya Muislamu na Mkristo wa Tanzania hakikuwa kitabuni, kilikuwa buchani. Kwa miongo mingi ilikuwa ada kwamba Muislamu ndiye anayechinja, na wote wakala. Mkristo hakuona kwamba amepunguziwa kitu, na Muislamu alinunua nyama bila kuuliza. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ada hiyo ilipasuka katika mikoa ya Geita na Mwanza, na huko Buseresere mchungaji mmoja akauawa. Ni vigumu kuiona dalili ya jambo kama hilo katika jedwali la majibu kwa sababu, mpaka siku linapovunjika, hakuna anayefikiri kuliuliza. Ndiyo maana tunawaheshimu zaidi wasomi wanaokaa mahali muda mrefu kuliko wale wanaofika na dodoso na kuondoka kwa basi la jioni.

Kazi hii ina hatari zake pia. Taasisi ya Twaweza, inayohoji wananchi kwa simu, ilitangaza Julai 2018 kwamba walioridhika na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua kutaka maelezo, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Uhamiaji. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa. Vifungu hivyo vililegezwa mwaka 2019. Ajabu ni kwamba asilimia 55 ni kiwango ambacho marais wengi duniani wangekishukuru.

Mwaka 2022 Profesa Mukandala, aliyekwisha kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2006 hadi 2017, aliongoza kikosi kazi cha Rais Samia Suluhu Hassan juu ya demokrasia ya vyama vingi, na Oktoba mwaka huo akakabidhi ripoti. Mwaka 2024 sheria ikaipa Tume ya Uchaguzi jina la Tume Huru. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2025 pamoja na vurugu na vifo vilivyoufuata, na Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Miaka thelathini na minne baada ya Nyalali, wananchi waliitwa tena mbele ya tume iliyoongozwa na jaji, waseme yaliyo moyoni.

Wazazi wengine huuliza kama mtoto akisoma sayansi ya siasa atapata riziki. Njia ni ndefu: shahada ya kwanza Dar es Salaam, Dodoma au kwingineko, kisha uzamili, kisha udaktari, na hesabu za takwimu ambazo wengi huzikimbia kidato cha pili. Wanaoanza huanza kwa kuhoji, kwa posho ya siku, wakilala nyumba za wageni za wilayani. Katika vijiji vya Uyui na Sikonge, kijana anayejua Kinyamwezi, binti hasa, hufunguliwa milango ambayo msomi mwenye shahada tatu angeachwa kuisubiri uani. Atapewa kigoda na maji ya kunywa. Ataambiwa mara nyingi kwamba kila kitu kiko sawa, na itambidi aketi kidogo zaidi.